Pongezi kwa Maafisa Mifugo wa Simiyu

Pamba ya Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu inaanzia shingoni mwa ng'ombe wa plau, na maji ya kaya nyingi huletwa na punda. Anayewatetea wanyama hawa ni afisa mifugo, na pongezi hizi ni zake.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili dhidi ya mnyama, lakini sheria haiendi mnadani yenyewe. Anaipeleka yeye. Huinua nira akatazama kidonda kilichofichwa chini yake, humwambia mwenye mkokoteni apunguze magunia, humtibu mnyama hapo hapo. Mkaidi humfikisha polisi. Ni kazi nzito, maana anayekemewa ni jirani, pengine mjomba wake mwenyewe, na usafiri na dawa havitoshi.

Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Uamuzi huo unahitaji macho vijijini, na macho hayo ni ya maafisa hawa. Halmashauri ziwape pikipiki na mafuta. Nawe msomaji, ukimwona punda amelemewa, mwite afisa mifugo wa kata yako.