Mpiga Ngoma Yuko Fungu Gani?

Mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi anaweza kuzitaja tanzu sita za Mulokozi bila kufungua daftari: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Uainishaji huo, uliotolewa katika jarida la Mulika mwaka 1989, umetuondolea vurugu kubwa, na insha hii haikusudii kuubomoa. Ina swali moja tu. Mpiga ngoma wa kijiji cha pwani, anayepiga arusini leo na kesho akawafundisha vijana, anaingia fungu gani? Jibu langu ni kwamba haingii popote. Kukosekana kwake kunatufanya tuzisome vibaya kazi tunazodai kuzijua, na kunawagharimu zaidi watu wa jamii ndogo kuliko sisi tulioko madarasani.

Tuanze na ngomezi, kwa kuwa jina lenyewe limetokana na ngoma. Tunafundishwa kuwa ngomezi ni fasihi inayowasilishwa kwa mapigo ya ngoma badala ya maneno. Mifano yake bora hutoka kwa jamii zenye lugha za toni. Walokele wa Kongo, walioelezwa na John Carrington katika kitabu chake cha mwaka 1949, hupiga mlio wa juu na wa chini kwa kufuata toni za maneno, na msikilizaji aliye mbali akaelewa ujumbe. Kiswahili si lugha ya toni. Mapigo ya ngoma yetu hayaigi maneno, kwa hiyo mpigaji wetu hahesabiwi kuwa ‘anasema’. Ajabu ni kwamba vitabu vya sekondari vimeupanua utanzu huu na kuvitia ndani ving'ora vya magari ya wagonjwa na milio ya simu. King'ora kimepata kiti katika fasihi. Mpiga kirumbizi wa Lamu amebaki mlangoni.

Akishatolewa hapo, hurudishwa kwa mlango wa nyuma katika ushairi, chini ya nyimbo. Huko tunamwandikia sentensi moja ambayo kila mmoja wetu ameijibia mtihani: nyimbo huambatana na ala za muziki. Neno ‘huambatana’ linaufanya wimbo kuwa bwana na ngoma kuwa mfuasi. Katika kirumbizi mambo ni kinyume. Wanaume wawili wanaingia uwanjani na bakora zao, na ngoma pamoja na zumari ndizo zinazotawala mwendo wao. Ukiondoa mapigo, hakuna mchezo uliobaki. Kuna watu wawili wenye fimbo. Wimbo unaweza kubadilishwa maneno papo hapo na ngoma ikabaki ile ile, lakini badilisha mapigo uone kama wenyeji hawatasema hii sasa ni ngoma nyingine.

Lugha yetu nayo imechangia. Neno ngoma linabeba chombo, mchezo na hafla nzima, nayo ni heshima kubwa kwa chombo. Lakini tukitafuta jina la heshima la mwenye mkono, hatupati kwa urahisi. Mtunzi ni malenga au shaha. Kiongozi wa mchezo ni manju. Anayewafunda wari ni kungwi. Huyu mwingine tunamweleza kwa kazi tu: mpiga ngoma. Hata methali inamruka. Tunasema ngoma ivumayo haidumu, kana kwamba ngoma hujivumia yenyewe.

Hasara ya mazoea haya inaonekana tukirudi kwenye Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Tunapoufundisha, tunasifu nguvu za Liyongo, hekima ya mama yake aliyeficha tupa ndani ya mkate, na uaminifu wa kijakazi Saada aliyeupeleka. Hao ndio tunaowapa alama katika swali la wahusika. Lakini tupa inakereza chuma, na chuma kinalia. Walinzi wangemsikia. Kilichomwokoa Liyongo ni ngoma ya gungu aliyoiomba kabla ya kuuawa: sauti za wapigaji na waimbaji zilifunika sauti ya minyororo ikikatwa. Bila ngoma, mkate ungekuwa mkate tu. Wapigaji wale hawatajwi kwa majina, na hatujui hata kama walifahamu walikuwa wakitenda nini. Hata hivyo, uhuru wa shujaa ulipita mikononi mwao. Naona Kijumwa hakuliweka tukio hilo kwa bahati. Alikuwa mwandishi wa hati na mchongaji, lakini pia alikuwa mtu wa ngoma na mashindano yake hapo Lamu. Alijua ngoma inaweza kufanya kazi ambayo maneno hayawezi. Sisi wahakiki tumeyahesabu maneno, mizani na vina vyake, na kazi hiyo tukaiacha.

Mtu anaweza kunijibu kwamba Bi Kidude hakusahauliwa. Ni kweli: Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alizungushwa duniani, akapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na kutengenezewa filamu. Lakini tusome anavyosifiwa. Mara nyingi husifiwa sauti yake na umri wake. Kwa miaka mingi alipiga msondo katika unyago na kuwafunda wasichana wa Unguja, na huko kupiga na kufundisha vilikuwa kazi moja: mwari alijifunza kwa mwili wake, akifuata mapigo, si kwa kusikiliza hotuba. Tukimwita mwimbaji tu, tumechukua nusu iliyokwenda jukwaani na kuiacha nusu iliyobaki uani.

Bi Kidude alikuwa Unguja, penye redio, matamasha na wageni wenye kamera. Tumfikirie sasa mpigaji wa Kudha, kisiwa kimoja kati ya visiwa vya Wabajuni vilivyo baina ya Kismayo na mpaka wa Kenya. Mahali padogo namna hiyo hapana mtu anayeishi kwa ngoma peke yake. Aghalabu mpigaji ni mvuvi. Usiku wa arusi hutuzwa, asubuhi hurudi baharini. Kufundisha kwake hakuna ada wala cheti. Kijana hukaa kando ya wakubwa, akapewa kwanza vumi ashike mngurumo wa chini usiobadilika, na akishaaminiwa hukabidhiwa chapuo. Shule yake ni ile hafla yenyewe. Bagamoyo pana chuo cha sanaa tangu 1981, chenye walimu na mitihani, lakini kwa kijiji cha kisiwani arusi isipofanyika darasa halikuwapo.

Na darasa hilo limevunjwa mara nyingi. Serikali ya Somalia ilipoanguka Januari 1991, Wabajuni waliporwa na kufukuzwa, na wengi wakakimbilia Kenya. Kuanzia 2008 hadi 2012 Kismayo ilikuwa mikononi mwa Al-Shabaab, kundi lililopiga marufuku muziki. Wengine walifika Uingereza kuomba hifadhi, na huko matamshi yao yakachunguzwa ili ijulikane kama kweli wao ni Wabajuni. Maneno yao, basi, yamepata walinzi kwa njia mbalimbali: Derek Nurse amekusanya msamiati na masimulizi ya Kibajuni, na vave na kimai zimo katika vitabu vya shule. Mapigo hayana ulinzi wa namna hiyo. Mtu mmoja ugenini anaweza kukumbuka wimbo mzima na kumwimbia mwanawe. Hawezi peke yake kuwa vumi, chapuo na zumari. Ngoma huhitaji watu waliokaa pamoja, ndiyo maana hupotea kabla ya maneno.

Najua baadhi ya wahadhiri watasema haya ni mambo ya idara ya muziki. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa wengi wetu hatujui kuandika mapigo kwa alama za muziki. Lakini tunafundishwa kila siku kuwa fasihi simulizi ni utendaji, na kwamba fanani na hadhira ndio roho yake. Hatuwezi kusema hivyo darasani, kisha tukaenda nyanjani na kurudi na maneno peke yake.

Marekebisho ninayopendekeza si makubwa. Katika uainishaji, ngomezi isibanwe kuwa lugha ya toni na ving'ora. Iwe pia mahali pa mapigo yanayoongoza tendo. Katika utafiti wetu, pale tunapoandika jina la mwimbaji, tuandike na la mpigaji kwa idhini yake, alijifunza kwa nani, alianza na ngoma ipi na sasa anamfundisha nani. Swali hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Likijibiwa ‘hakuna’, tutakuwa tumejua kwa wakati kwamba ngoma ile imebakiwa na mtu mmoja.