Chanzo na Ukurasa: Uhakiki wa Kiendelezi cha LaTeX Workshop katika Uandishi wa Tasnifu za Ushairi wa Kiswahili

Katika tasnifu ya ushairi, umbo la ubeti kwenye ukurasa ni sehemu ya hoja. Mtafiti anayeuandika mshororo wa shairi kama mstari mmoja usiokatika, na mwenzake anayetenga ukwapi na utao kwa nafasi ya wazi, hawamwonyeshi mtahini kitu kimoja hata kama maneno ni yale yale. Wa kwanza anataka mshororo usomwe kama sentensi. Wa pili anataka vina vya kati vionekane kwa jicho kabla havijasikika. Kwa sababu hiyo, zana inayopanga ukurasa inastahili kuhakikiwa kwa uzito ule ule tunaoutumia kuhakiki toleo la diwani. Makala haya yanahakiki zana moja: LaTeX Workshop, kiendelezi kinachofanya kazi ndani ya kihariri matini cha Visual Studio Code. Yanaihakiki kwa kigezo kimoja tu, yaani inavyomhudumia mtu anayeandika kwa Kiswahili kuhusu ushairi wa Kiswahili.

Maelezo ya msingi yanaweza kuwa mafupi. Donald Knuth alianza kuunda TeX katika Chuo Kikuu cha Stanford mwishoni mwa miaka ya 1970, na Leslie Lamport akaijenga LaTeX juu yake katika miaka ya 1980. Mwandishi huandika matini iliyochanganyika na amri. Programu huisoma faili hiyo, ambayo hapa itaitwa chanzo, kisha hutoa ukurasa uliopangwa katika PDF. LaTeX Workshop yenyewe haipangi chochote. Hutegemea mfumo kama TeX Live au MiKTeX uliokwisha kusakinishwa kwenye kompyuta, na TeX Live ikiwa kamili huchukua gigabaiti kadhaa. Anayetumia MiKTeX kwenye Windows ana sharti la ziada: latexmk, programu ambayo kiendelezi huiita kwa kawaida ili kurudia hatua za uchakataji, imeandikwa kwa lugha ya Perl, na Perl haina budi kusakinishwa peke yake. Mtahiniwa anayenunua data kwa vifurushi vya simu ataiona gharama hiyo kabla ya kuona faida yoyote. Jambo hili si la kiufundi tu, kwani huamua nani anaingia katika utaratibu huu na nani anabaki nje.

Aliyeingia anapata kitu cha maana. Kila anapohifadhi faili, chanzo huchakatwa na PDF huonekana katika kidirisha cha pembeni, ndani ya kihariri kile kile. Bora zaidi ni SyncTeX, kazi ya Jérôme Laurens, inayounganisha pande mbili: mwandishi akibofya neno kwenye PDF huku akibonyeza kitufe cha Ctrl, kishale hurudi kwenye mstari wa chanzo uliolizaa neno hilo. Mtahini akiandika kwamba kuna kosa katika ukurasa wa 143, mstari wa tatu kutoka chini, safari ya kulifikia kosa hilo ni mbofyo mmoja. Kuna jambo la kuvutia hapa. SyncTeX kimsingi huhesabu kwa mistari ya chanzo. Aya ya nathari iliyoandikwa kama mstari mmoja mrefu huunganishwa kwa ulegevu, ilhali ubeti ambao kila mshororo umekaa katika mstari wake huunganishwa kwa usahihi. Ni nadra kukuta zana ya kompyuta inayoupendelea ushairi, ingawa hii inaupendelea bila kukusudia.

Hata hivyo, neno onyesho linapotosha kidogo. Kinachoonekana pembeni si ukurasa unaobadilika kwa kila herufi. Ni matokeo ya uchakataji wa mwisho. Aidha, kwa mpangilio wake wa kawaida kiendelezi huiamuru LaTeX isisimame inapokuta kosa. Matokeo yake ni kwamba PDF inaweza kutoka ikiwa safi kwa macho huku chanzo kikiwa na kasoro, au rejeleo lisilopatikana likawa alama za kuuliza tu katikati ya aya. Orodha ya matatizo chini ya dirisha hueleza yote hayo, lakini kwa Kiingereza, na kwa wingi unaochosha: onyo kwamba mstari umezidi pambizo kwa kiasi kisichoonekana hukaa jirani na onyo kwamba chanzo kilichonukuliwa hakimo katika marejeleo. Kwa tasnifu, la kwanza ni dogo na la pili linaweza kumfanya mtahini atilie shaka sura nzima.

Udhaifu mkubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, umo katika majina ya watu. Mtafiti wa ushairi wa karne ya 19 hawezi kuwakwepa Muyaka bin Haji wa Mombasa wala Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858. BibTeX na biblatex hugawa jina katika sehemu, na kanuni yake ni kwamba neno linaloanza kwa herufi ndogo katikati ya jina ni kiambishi cha jina la ukoo, kama ilivyo kwa baadhi ya majina ya Kijerumani na Kiholanzi. Kwa hiyo bin na binti husomwa kama viambishi vya ukoo, na kinachofuata husomwa kama jina la ukoo lenyewe. Katika mtindo wa mwandishi na mwaka, biblatex ikiachwa na mpangilio wake wa kawaida, Muyaka hunukuliwa kama Haji, na Mwana Kupona hunukuliwa kama Mshamu. Katika orodha ya marejeleo Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, huwekwa chini ya herufi N, na jina lake huishia kwa neno bin lisilo na wa kulifuata.

Mtu anaweza kujibu kwamba mtindo wa kitaaluma hudai jina la mwisho, na kwamba hata Shaaban Robert huorodheshwa chini ya Robert. Hoja hiyo haitoshi. Katika mfumo wa majina ya pwani, linalofuata bin au binti ni jina la mzazi. Kumnukuu Mwana Kupona kama Mshamu ni kumpa baba utunzi wa binti, tena katika utendi ambao sauti yake yote ni ya mama anayezungumza na mwanawe wa kike. Taaluma yenyewe haijawahi kuwa na shaka juu ya jina la kutumia: Mohamed Abdulaziz alipochapisha utafiti wake mwaka 1979 aliliweka jina la Muyaka mbele kabisa ya anwani ya kitabu.

Dawa ni rahisi, nayo ni kulizungushia jina zima mabano ya ziada katika faili ya marejeleo ili lisigawanywe. Lakini hapa ndipo kiendelezi kinapostahili lawama yake. Mwandishi anapoanza kuandika amri ya kunukuu, LaTeX Workshop humfungulia orodha ya vyanzo pamoja na majina kama yalivyo katika faili: Muyaka bin Haji, kamili na sahihi. Kosa huzaliwa baadaye, kwenye PDF. Msaada unaotolewa wakati wa kuandika humtuliza mwandishi mahali ambapo angepaswa kuwa macho. Anayetumia orodha hiyo anapaswa kukagua kila jina lenye bin au binti kwenye ukurasa uliopangwa, si kwenye chanzo.

Suala la kukata maneno mwishoni mwa mstari linafanana na hilo. Waraka usiotaja lugha hukatwa kwa ruwaza za Kiingereza, zitokanazo na tasnifu ya Frank Liang ya mwaka 1983. Ziko zaidi ya 4,400. Kiingereza huruhusu kukata kati ya n na d. Kiswahili hakiruhusu: katika wanaandika, silabi ni wa-na-a-ndi-ka, na kuiacha n peke yake mwishoni mwa mstari ni kuvunja silabi. Kwa mtafiti anayehesabu mizani huo si urembo tu. Sura inayodai kwamba silabi ndicho kipimo cha shairi, huku aya zake zikipasua silabi kila ukurasa, inajipinga yenyewe. Ritifaa nayo ina kisa chake. Katika pdfTeX kwa mpangilio wa Kiingereza, ritifaa si herufi, na sehemu ya neno inayoifuata haifikiriwi tena kwa ukataji. Neno kung'ang'ania basi halikatiki popote baada ya kung, nalo likiangukia mwisho wa mstari huweza kutokeza hadi kwenye pambizo. Kwa upande mwingine, LaTeX huigeuza alama ya ritifaa iwe na umbo lile lile popote ilipo, hata mwanzoni mwa neno. Baadhi ya programu za ofisi huigeuza mwanzoni mwa neno kuwa alama ya kufungua nukuu, jambo linalowakera wahariri wa ushairi wa Kimvita ambao huonyesha kwa ritifaa silabi iliyodondoshwa.

Ruwaza za Kiswahili zingekuwa chache mno zikilinganishwa na zile za Kiingereza, kwa sababu muundo wa silabi zetu unatabirika. Hiyo ni kazi ya muhula mmoja kwa mwanafunzi wa fonolojia, na ingewafaa waandishi wengi kuliko tasnifu kadhaa zinazoueleza muundo huo tena na tena.

Maneno ya Kiingereza ambayo LaTeX huyaweka yenyewe, kama Chapter na Contents, hayahitaji mjadala mrefu. Hubadilishwa mara moja mwanzoni mwa faili kuwa Sura na Yaliyomo. Kiunganishi kati ya waandishi wawili nacho hubadilishwa kuwa na. Kinachohitaji mjadala ni beti zenyewe. Kifurushi cha verse hupanga mashairi na kuhesabu mistari, lakini wasomi wa tenzi hunukuu kwa namba ya ubeti, si ya mstari. Mtafiti analazimika kutengeneza kihesabio chake. Kwa shairi la mizani 16 hana budi pia kuamua kama ukwapi na utao vitakaa katika safu mbili zilizonyooka au vitatengwa kwa koma. Programu haina maoni juu ya hilo, na ni vizuri kwamba haina.

Hapa onyesho la pembeni linatoa faida ambayo haijasemwa vya kutosha. Katika miswada mingi ya tenzi kwa hati ya Kiarabu, vipande vinne vya ubeti hukaa katika mstari mmoja, vikitengwa kwa alama; matoleo ya hati ya Kilatini yamezoea kuvipanga vipande hivyo kimoja chini ya kingine. Mazoea hayo ni tafsiri ya kihariri. Kwa kubadilisha fasili ya amri moja, mtafiti anaweza kuutazama utendi mzima kwa mpangilio wa mswada na kwa mpangilio wa kitabu, bila kugusa hata neno moja la matini. Katika mpangilio wa mstari mmoja, kina cha mwisho kinachopita utendi wote husimama katika safu moja ukingoni, na jicho hukishuka kama ngazi. Katika mpangilio wa vipande vinne, kina hicho hujificha chini ya vina vitatu vinavyokitangulia. Wahakiki wanaokieleza kina hicho kama kitu cha sikio tu huenda wameongozwa na vitabu walivyosomea. Kuandika hati ya Kiarabu yenyewe ndani ya kihariri hiki ni taabu nyingine, kwani amri za herufi za Kilatini zikichanganyika nayo katika mstari mmoja, mpangilio unaoonekana kwenye kioo haulingani na mpangilio wa herufi katika faili. Afadhali kila kipande cha Kiarabu kikae katika mstari wake.

Limebaki suala la msimamizi. Wasimamizi wengi husahihisha kwa kuandika ndani ya waraka wenyewe, na PDF haiwapi nafasi hiyo ila kwa maelezo ya pembeni. Zana ya latexdiff hutoa PDF inayoonyesha kilichoondolewa na kilichoongezwa kati ya matoleo mawili, na kwa msimamizi aliye radhi kusoma badala ya kugusa, inatosha. Kwa asiye radhi, mtahiniwa ataendesha nakala mbili za tasnifu moja, na hakuna kiendelezi kitakachomwondolea mzigo huo.

Nakala inayowekwa katika hifadhi ya chuo kwa kawaida ni PDF peke yake. Mabano yaliyolinda jina la Mwana Kupona, kihesabio cha beti, na amri iliyoamua nafasi kati ya ukwapi na utao hubaki kwenye kompyuta ya mtahiniwa, na mtafiti anayefuata huanza upya. Kanuni za hifadhi zingeweza kuruhusu chanzo kiwekwe pamoja na PDF, angalau kwa tasnifu zenye uhariri wa matini za kale, ambako faili hiyo ina maamuzi ya kihariri ambayo ukurasa hauyataji.