Robo ya Alama Hutafutwa Usiku

Katika Olimpiadi ya Kimataifa ya Falaki na Fizikia ya Anga, nadharia hubeba asilimia 50 ya alama, uchambuzi wa data 25, na utazamaji wa anga 25. Mashindano haya yalianza Chiang Mai, Thailand, mwaka 2007, na washiriki ni wanafunzi wa sekondari ambao bado hawajaingia chuo kikuu. Nadharia na data hufanyika mezani, kwa kalamu na kikokotoo. Robo iliyobaki, mbingu ikiruhusu, hufanyika nje gizani. Hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame, kwa sababu humtofautisha aliyesoma habari za nyota na anayezijua nyota zenyewe.

Chukua kazi moja ya aina inayofaa sana mtihani huu: tafuta upana wa anga inayoonekana ndani ya darubini, ukiwa na saa tu. Mwanafunzi huelekeza darubini kwenye nyota iliyo karibu na ikweta ya mbingu, kwa mfano Mintaka katika ukanda wa kundi la Jabari. Kisha huiacha darubini itulie, bila mota ya kuifuatisha nyota. Nyota huingia ukingo mmoja, hupita katikati na kutokea ukingo wa pili, naye anahesabu muda. Dunia hujizungusha digrii 15 kwa saa, yaani digrii 1 kila dakika 4. Nyota ikipita kwa dakika 2, upana ni nusu digrii, karibu sawa na mwezi mpevu.

Mtego uko kwenye uchaguzi wa nyota. Iliyo digrii 60 kutoka ikweta ya mbingu husogea kwa nusu ya kasi hiyo, kwa hiyo itachukua dakika 4 kupita uwazi uleule. Lazima muda uzidishwe kwa kosaini ya digrii 60, ambayo ni 0.5. Anayesahau hupata jibu mara mbili ya ukweli, hata kama mkono wake ulikuwa thabiti na saa yake sahihi. Swali hili moja linapima kama unaitambua nyota, kama unaimudu darubini, na kama umeelewa mzunguko wa Dunia. Kukariri hakusaidii kitu hapo.

Halafu kuna suala la mbingu ya mwenyeji. Mwaka 2023 mashindano yalikuwa Chorzów, Poland, kwenye digrii 50 kaskazini, ambako kundi la nyota la kusini liitwalo Salibu halichomozi kamwe. Mwaka uliofuata yalikuwa Vassouras, Brazil, digrii 22 kusini, ambako Nyota ya Kaskazini haionekani. Mwanafunzi wa Ulaya hulazimika kuisoma sehemu ya mbingu ya kusini kwenye ramani. Wa Nairobi, digrii 1 na kidogo kusini mwa ikweta, huziona karibu nyota zote za pande mbili ndani ya mwaka mmoja, na hiyo ni faida kubwa tunayoiacha bure.

Mawingu yakifunga, mtihani unaweza kuhamishiwa kwenye planetaria, ukumbi wa kuba ambamo projekta huchora nyota darini. Humo kila timu hupata mbingu ileile, na haki hiyo naithamini. Hata hivyo mkono haupimwi, na kwa maoni yangu hasara hiyo ni kubwa kiasi kwamba ni bora kusubiri usiku mwingine pale ratiba inaporuhusu.

Walimu wa fizikia, zoezi hili halihitaji hata darubini. Bomba la plastiki lenye urefu wa mita 1 na kipenyo cha sentimita 2, likifungwa imara kwenye kiti, huonyesha anga yenye upana wa zaidi kidogo ya digrii 1. Nyota ya ukanda wa Jabari italipita kwa takriban dakika 4 na nusu. Jabari huonekana vizuri jioni kuanzia Desemba hadi Machi: watoeni wanafunzi nje, kila mmoja apime, kisha walinganishe majibu yao na hesabu.