Nukta ya Ilembo

Mtoto akiumwa koo Ilembo, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, kuna njia kadhaa za mkato. Ipo ya duka la dawa muhimu: anapewa vidonge vya "rangi mbili" vya siku mbili tatu, homa inashuka, anarudi kwenye mpira. Ipo ya fundi wa kukata kimeo, ambayo haijafa licha ya makatazo ya miaka mingi. Anayefika zahanati huandikwa kwenye kitabu cha MTUHA namba 5, daftari la wagonjwa wa nje, mstari mmoja, na mambo yakaishia hapo. Wiki mbili au tatu baadaye goti linavimba. Likipoa, kifundo cha mguu wa pili kinashika zamu. Mama ananunua dawa ya maumivu, na hakuna anayekumbuka kulihusisha goti hilo na koo la mwezi uliopita.

Hivyo ndivyo homa ya rumatiki inavyopita bila kuhesabiwa. Chanzo chake hakina utata: bakteria waitwao streptokoko kundi A hushambulia koo, na kinga ya mwili inapowakabili hugeukia maungio, ubongo na moyo wa mtoto mwenyewe. Maungio hupona. Moyo mara nyingi haurudi ulivyokuwa. Homa ikirudia, mlango wa mitrali, ulio kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo, hupata makovu hadi ushindwe kufunga au kufunguka sawasawa. Swali gumu ni jingine: ugonjwa huu unatokea wapi, na lini?

Wajapani wana kisa kinachofanana na hiki kwa kinyume. Mwaka 1961 daktari Tomisaku Kawasaki alimwona mtoto wa kwanza mwenye homa, macho mekundu na midomo iliyopasuka, ugonjwa ambao leo una jina lake na ambao huvimbisha mishipa inayolisha moyo. Mwaka 1967 alichapisha taarifa ya watoto 50. Tangu 1970 Japani imekuwa ikifanya hesabu ya nchi nzima kila baada ya miaka miwili kwa kuziandikia hospitali zenye idara za watoto. Kwa kuwa waliandika pia siku ugonjwa ulipoanza, waliweza kuona milipuko ya 1979, 1982 na 1986, na kilele kinachojirudia mwezi Januari. Baadaye watafiti walifuatilia hata mwelekeo wa pepo zinazovuma kutoka bara la Asia, wakitafuta kama kuna kitu zinachobeba. Chanzo hakijapatikana hadi leo. Wao wana ramani na kalenda, hawana chanzo. Afrika Mashariki ina chanzo, haina ramani wala kalenda.

Si kwamba eneo hili halijui kuchora. Mwaka 1961 huohuo, daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, alipakia gari na wenzake wawili, akasafiri maili 10,000 kutoka Uganda kuelekea kusini kwa wiki 10, akiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama zimewahi kuona watoto wenye uvimbe wa taya. Nukta alizoweka kwenye ramani zilionyesha kwamba uvimbe ule ulifuata maeneo ya joto na mvua. Mbinu ilifaa kwa sababu uvimbe wa taya hauhitaji mashine. Ukionyeshwa picha, unajibu ndiyo au hapana. Mlango wa moyo umejificha nyuma ya mbavu.

Kwa miaka mingi kilichotumika kuuchungulia ni sikio. Daktari aliweka stetoskopu kifuani na kusikiliza mvumo. Udhaifu wa njia hiyo ulianikwa mwaka 2007, matokeo ya shule za Maputo yalipochapishwa. Kati ya watoto 2,170, wagonjwa waliothibitishwa baada ya kusikilizwa kwa sikio walikuwa 5. Walipopimwa wote kwa eko, mashine inayotumia mawimbi ya sauti kuonyesha moyo ukifanya kazi, walipatikana 66. Kampala nako, utafiti uliotoka 2012 ulipima watoto 4,869: eko iliona wagonjwa 72, sikio 23. Kitakwimu hiyo ni zaidi ya tofauti ya vifaa. Anayechora ramani kwa stetoskopu anachora mahali penye wagonjwa waliokwisha kuharibika, na maeneo mengine yanabaki meupe kana kwamba ni salama.

Kampala iliongeza jambo ambalo wachoraji ramani hulisahau. Watoto wa kipato cha chini walikuwa na ugonjwa kwa asilimia 2.7, wengine asilimia 1.4. Ndani ya jiji moja, basi, kuna ramani mbili, na wastani wa mkoa unaweza kuzificha zote.

Eko nayo ina ukorofi wake. Kwenye kioo, damu inayorudi nyuma huonekana kama ulimi wa rangi unaochomoza kila moyo unapojikaza. Mtoto mwenye afya pia anaweza kuwa na ulimi mdogo wa namna hiyo. Ndiyo maana vigezo vya kimataifa vya 2012 vilidai vipimo: ulimi ufike sentimita 2, kasi ifike mita 3 kwa sekunde, uonekane kwa pembe mbili tofauti. Mashine za mkononi zilizotumika sana mashuleni hazikuweza kupima kasi hiyo, kwa hiyo uchunguzi wa uwanjani ukawa chujio tu, na hukumu ikaachiwa mashine kubwa.

Hilo lilionekana Gulu, kaskazini mwa Uganda. Huko watoto na vijana 102,200 walipimwa, idadi ambayo ingeujaza uwanja mkubwa wa mpira na kumwagika nje. Waliotiliwa shaka walikuwa 3,327. Baada ya kipimo cha pili, waliothibitishwa na kukidhi masharti ya kuingia kwenye jaribio la dawa walibaki 926. Jaribio lenyewe, lililochapishwa 2022, lilionyesha kwamba kati ya waliochomwa benzathini penisilini kila wiki 4 kwa miaka 2, asilimia 0.8 tu ndio walioendelea kuharibika moyo, dhidi ya asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Kumbe kutafuta nukta kuna maana: nyuma ya kila moja kuna mtoto ambaye sindano inaweza kumwokoa.

Lakini hata Gulu haijibu swali la "lini". Kovu halina tarehe. Mtoto wa miaka 12 anaweza kuwa aliumwa akiwa na miaka 7, tena wilaya nyingine. Isitoshe, anayehema akipanda kilima huenda alishaacha shule, na mashine ya shuleni haimkuti.

Ili kuikamata tarehe, watafiti wa Uganda waliacha makovu wakafuata homa yenyewe. Waliweka kambi mbili, Lira kaskazini na Mbarara magharibi. Wahudumu wa afya walielekezwa kuwapeleka watoto wenye homa pamoja na maumivu ya maungio, wenye dalili za moyo kuvimba, au wanaorusha mikono na miguu bila kutaka. Kila mmoja alichunguzwa kwa kina, malaria ikiwemo, maana homa na maungio kuuma ni mavazi ambayo malaria nayo huvaa. Matokeo ya 2021: kwa watoto wa miaka 5 hadi 14, wagonjwa wapya 25 kwa kila 100,000 kwa mwaka Lira, na 13 Mbarara. Pengo linavutia, ila mipaka ya makadirio hayo inaingiliana. Vituo viwili ni nukta mbili, bado si ramani.

Kwa Ilembo, mbinu ya Lira ndiyo inayokaribia uwezo wa zahanati. Haianzi na mashine. Inaanza na mhudumu ambaye, kipimo cha malaria kikisoma hasi, hafungi daftari bali anauliza kama mtoto aliumwa koo mwezi uliopita, kisha anaandika mtaa na siku homa ilipoanza. Eko itakuja baadaye, kwa rufaa. Gharama ya swali hilo ni dakika moja. Bila hilo, hata mashine ikija, itakuta makovu yasiyo na historia.

Mzazi naye ana sehemu yake. Mtoto akiwa na homa na maungio yanayouma kwa kuhamahama, usitaje "homa" peke yake ukifika dirishani. Taja koo, taja goti lililoanza, na taja tarehe.