Umbo la Shairi Katika Ukurasa wa Kompyuta

Tunapohakiki fani ya shairi, wengi wetu hukimbilia vina na mizani, tukaishia hapo. Mpangilio wa maandishi tunauona kuwa kazi ya mpiga chapa. Katika makala haya ninadai kwamba mpangilio nao ni fani, na sidai hivyo kwa nadharia tupu: niliwahi kuliharibu shairi la mtu kwa mikono yangu mwenyewe.

Ami yangu wa Pangani ana daftari la mashairi, mengi yakiwa tarbia. Nilipoyapiga chapa ili yawekwe kwenye mtandao, nilikuta katikati ya kila mshororo ametia nukta mbili. Mimi msomi nikaona uchafu! Nikazifuta, nikaacha nafasi pana kati ya ukwapi na utao:

Mto Pangani wajaa      maji yaja kwa kishindo

Kumbe HTML, lugha inayoundia kurasa hizo, haiheshimu nafasi tupu. Acha nafasi kumi, shuka mstari upendavyo. Kivinjari kitazifanya zote kuwa nafasi moja. Beti zikawa aya. Ami akaniuliza, "Mwanangu, hili shairi au barua ya madai?"

Nikaelekezwa kwenye alama iitwayo pre, ambayo huamuru maandishi yabaki yalivyopangwa, nafasi kwa nafasi, mstari kwa mstari. Naam, beti zikarudi. Lakini alama hiyo, ikiachwa ilivyo, haikunji mstari mrefu. Katika simu ya ami, mshororo wa mizani 16 ulipita ukingo wa kioo: ukwapi ukaonekana, utao ukazama pamoja na kina chake. Nusu ya shairi, jamani, imefichwa!

Hapa ndipo mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko, uliopamba moto miaka ya 1970, unapopata sura mpya. Tumezoea kusema kwamba mwanamapokeo ndiye mfungwa wa umbo. Hebu tujaribu kuyafuta mapengo yote. Shairi la arudhi likivurugwa, sikio zoefu litalijenga upya: litahesabu mizani nane, litakamata kina, litajua pa kupumua. Lakini chukua utungo huru, mathalani wa Euphrase Kezilahabi katika *Kichomi* (1974), uupange kama aya. Mstari ulipokatwa hapajulikani tena, maana mahali pengi hakuna kina wala hesabu ya kuonyesha. Kwa hiyo anayeitegemea karatasi zaidi ni mwanamabadiliko. Kwake pre ni msaada mkubwa.

Na mwanamapokeo je? Jibu lilikuwa daftarini. Pwani yetu ya Tanga ilikuwa na watunzi walioandika kwa hati za Kiarabu, akiwamo Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima. Katika miswada ya hati hizo ni kawaida kuona vipande vikitengwa kwa alama za wino. Zilipokuja herufi za Kirumi, mkato ukarithi kazi hiyo. Fungua mashairi ya Shaaban Robert utauona katikati ya mishororo. Nukta mbili za ami ni za ukoo huohuo. Wino ni herufi miongoni mwa herufi, na mashine haiwezi kuula kama inavyokula nafasi tupu.

Basi nikazirudisha nukta zake, nikaagiza kila mshororo uanze mstari wake, nikaiacha pre. Kioo kikiwa chembamba mshororo hujikunja, lakini kituo chake hakipotei.

Wako watakaosema haya ni mambo ya mafundi wa kompyuta. Sikubaliani nao. Anayeamua mstari uishie wapi anahariri shairi, apende asipende. Nihitimishe kwa kuwaomba wenzangu tunaoyahamisha madaftari ya wazee: kabla hujafuta alama usiyoielewa, muulize mwenye daftari. Mimi sikuuliza.