Michael Young hakuilaumu mizani

Kuna vitabu vinavyotajwa sana na kusomwa kidogo. Kimojawapo ni The Rise of the Meritocracy cha Mwingereza Michael Young, kilichotoka mwaka 1958. Neno meritokrasia, yaani utawala wa wenye kustahili, lilienea kupitia kitabu hiki, na wanasiasa wanalitamka kama sifa. Mwenzao alikuwa anakejeli! Mwaka 2001 aliandika katika The Guardian akitaka Tony Blair aache kulitumia.

Msimulizi ni msomi wa mwaka 2033 anayeusifu mfumo wake: akili ukijumlisha na bidii, unapata ustahili. Wenye alama wanatawala, wengine wanatumikia. Tanbihi ya mwisho inatuambia ameuawa kwenye ghasia kabla ya kusahihisha mswada. Ni kitabu kikavu, kinasomeka kama tasnifu, lakini hapo kinauma kweli.

Siku hizi kinashikiliwa na wanaosema mtihani wenyewe ndio dhuluma: watoto wa matajiri wanafaulu zaidi, basi ufutwe. Hapo nabisha. Ndani ya kitabu vipimo havidanganyi, vinapima vizuri mno. Ubaya ni kwamba washindi wanajiona wamestahili kila kitu, na walioshindwa hawabakiwi hata na kisingizio.

Tuje Marekani. Wakati wa korona, chuo cha MIT kiliacha kudai alama za SAT. Mwaka 2022 kikazirudisha, kikieleza kwamba zinasaidia kuwatambua wanafunzi wa hali ya chini ambao shule zao hazina masomo ya juu. Ukiuondoa mtihani, zinabaki insha, barua za mapendekezo na shughuli za nje ya darasa. Hivyo navyo vina bei, jamani. Mtoto wa maskini atavipata wapi?

Lakini watetezi wa mitihani nao wasishangilie mapema. Kitabuni kuna Ilani ya Chelsea, inayotaka watu wathaminiwe pia kwa wema, ujasiri na ubunifu wao. Aliyepata alama ndogo bado ni mtu, na ugomvi wetu wa mitihani unamsahau.

Young mwenyewe alikuwa miongoni mwa waasisi wa wazo la Open University ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1969. Kuingia hakukuhitaji vyeti. Kupata shahada kulihitaji kufaulu, kama kwingine.