Majogoo wa Augustino

Mwaka 386, miezi michache kabla ya kubatizwa, Augustino alikuwa amejitenga na mama yake, mwanawe na rafiki kadhaa katika shamba la Cassiciacum, karibu na Milan. Siku moja, wakielekea kwenye nyumba ya kuogea, waliwaona majogoo wakipigana vikali mbele ya mlango. Wakasimama kutazama. Tukio hilo ameliandika katika kitabu chake juu ya utaratibu wa ulimwengu. Sisi Walutheri, ambao Luther wetu alikuwa mtawa wa shirika lenye jina la Augustino, tunalisoma kwa heshima. Lakini heshima haituzuii kukosoa.

Anaeleza vizuri mno. Vichwa vimenyooshwa mbele, manyoya yamesimama, huyu anadonoa, yule anakwepa, na katika kila mwendo Augustino haoni kasoro, kwa kuwa viumbe hao wasio na akili wanaongozwa na akili iliyo juu yao. Mshindi anawika. Aliyeshindwa amenyonyoka shingoni, sauti na mwendo wake vimeharibika. Na ubaya huo nao, asema, unaingia katika uzuri wa jumla. Hapo ndipo tunapomkosoa. Jogoo yule amegeuzwa pambo la hoja, na maumivu yake hayaulizwi.

Hata hivyo, mwishoni anauliza kwa nini tamasha lile liliwafurahisha. Swali hilo lina uzito kuliko hoja zote zilizolitangulia. Jibu tunalipata katika Maungamo, kitabu alichokiandika zaidi ya miaka kumi baadaye. Rafiki yake Alipio aliburutwa na wenzake hadi kwenye uwanja wa mapigano mjini Roma. Alifumba macho, kelele za umati zikamfanya afumbue. Alitoka akitamani kurudi, tena na kuwaburuta wengine. Waliopigana pale ni wanadamu, lakini jeraha linaloelezwa ni la mtazamaji, na mtazamaji hahitaji damu ya mtu ili ajeruhiwe hivyo.

Majogoo wa Cassiciacum walipigana wenyewe. Yanayotuhusu sisi ni mapigano yanayopangwa. Huko Kakamega, magharibi mwa Kenya, Waisukha na Waidakho hupiganisha mafahali. Fahali hutunzwa, hupewa jina, hupelekwa uwanjani kwa ngoma za isukuti, na anayekimbia ndiye ameshindwa. Tuseme haki: hawa si majogoo wa Ufilipino, wanaofungwa visu miguuni. Fahali ana nafasi ya kukimbia, na isukuti ni urithi wa thamani. Wenyeji wana sababu ya kuudhika mgeni anapowaita washenzi. (Waingereza nao walipiganisha mbwa na fahali kwa karne nyingi, mpaka sheria ilipokataza mwaka 1835.)

Lakini tusome Kutoka sura ya 21. Fahali akizoea kupiga kwa pembe, na mwenyewe ameonywa asimzuie, hatia inamrudia mwenyewe. Sheria ya Musa inamdai mwenye fahali azizuie pembe. Uwanjani anasifiwa kwa kuziachilia, na watu huweka dau juu yake. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Tofauti ni kwamba kunguru hakuwaita panzi wapigane.

Wapo washarika watakaouliza: mbona nasi tunachinja? Tunachinja, na Krismasi tunachinja sana. Lakini mchinjaji mwema hunoa kisu ili mnyama asiteseke kwa muda mrefu, wala hapigi ngoma kumwita jirani aje kutazama. Uwanjani, pambano likiisha upesi, umati huona umepunjwa. Kule kurefuka kwa mateso ndiko watu walikokifuata. Tena mtoto aliyebebwa mabegani na baba yake anajifunza, bila kuambiwa neno, ni wakati gani wa kushangilia.

Linabaki swali linalotugusa wachungaji. Mwenye fahali akishinda, akaleta sehemu ya fedha za dau madhabahuni kuwa sadaka ya shukrani, tufanyeje? Usharika wenye paa linalovuja hauwezi kulijibu kirahisi. Sisi tungemrudishia bahasha yake faraghani, bila kumwaibisha, kisha tungemwomba abaki baada ya ibada atueleze fahali wake anaitwa nani, na kidonda chake kinaendeleaje.